Akina Thomas wa Mfalme Henry wa Nane

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu za jioni kuja kusikiliza habari za watu waliokufa zamani: itifaki imezingatiwa, kwa hiyo niruhusuni niingie kwenye mada.

Yeyote aliyewahi kusoma habari za Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza anaijua kero hii. Unafungua ukurasa, unamkuta Thomas anamwandikia Thomas barua ya kumlalamikia Thomas. Mshauri mkubwa wa mfalme ni Thomas. Akianguka, cheo chake kinakwenda kwa Thomas. Huyo naye anafungwa. Anayemhoji gerezani ni Thomas, anayeongoza kesi yake ni Thomas, na askofu mkuu wa nchi wakati wa kesi hiyo ni Thomas. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza kama Waingereza wa enzi hizo waliishiwa majina. Lilikuwa swali la utani, lakini mimi nimelichukulia kwa uzito, na ndilo limenileta mbele yenu.

Chukueni cheo kimoja tu, cha Chansela, ambaye alishika muhuri wa mfalme na alikuwa mkubwa wa mahakimu. Thomas Wolsey alikishika mwaka 1515. Akafuata Thomas More mwaka 1529. Mwaka 1532 muhuri ukaenda kwa Thomas Audley, na alipofariki mwaka 1544 ukashikwa na Thomas Wriothesley, ambaye bado alikuwa nao mfalme alipokata roho Januari 1547. Wanne mfululizo, zaidi ya miaka 31, na hakuna John wala William aliyepenya katikati. Ongezeni hapo Thomas Cromwell, Thomas Cranmer, Thomas Boleyn aliyekuwa baba wa Malkia Anne, Thomas Howard, Thomas Seymour, na mshairi Thomas Wyatt. Hapo sijawataja wadogo.

Si bahati nasibu. Jina hili Uingereza lilikuwa na mwenyewe. Na wengi kati ya wajina wake niliowataja ilifika siku wakalazimika kuamua watamfanya nini mwenye jina.

Mwenyewe ni Thomas Becket. Alizaliwa London, mtaa wa Cheapside, katika familia ya kibiashara yenye asili ya Normandy, tarehe 21 Desemba, mwaka ambao huwekwa karibu na 1120. Tarehe hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtume Thomas, basi mtoto akapewa jina la siku. Kabla yake jina hilo halikuwa la watu wengi nchini. Lilikuwa likisikika zaidi miongoni mwa makasisi na watawa. Becket akakua, akasoma, akawa chansela na rafiki wa karibu wa Mfalme Henry wa Pili. Mwaka 1162 mfalme akamfanya Askofu Mkuu wa Canterbury, akidhani sasa Kanisa limeingia mfukoni mwake. Haikuwa hivyo. Wawili hao wakagombana juu ya nani ana haki ya kuwahukumu makasisi waliotenda makosa, mahakama ya mfalme au ya Kanisa, na Becket akakimbilia Ufaransa kwa miaka 6. Alirudi mwanzoni mwa Desemba 1170. Tarehe 29 ya mwezi huohuo mashujaa wanne wa mfalme waliingia na panga ndani ya kanisa kuu la Canterbury wakamuua humohumo.

Maneno ya hasira ambayo mfalme anasemekana kuyatamka, yale mnayoyasikia kwenye filamu, mimi siyategemei sana. Waandishi wa wakati ule hawayanukuu kwa namna moja. Kilichofuata ndicho kisicho na ubishi. Papa Alexander wa Tatu alimtangaza Becket mtakatifu Februari 1173, miaka miwili na kitu tu baada ya kifo. Julai 1174 mfalme mwenyewe alifika Canterbury. Alisimama katika kanisa dogo la Mtakatifu Dunstan nje ya ukuta wa mji, akavua viatu, akatembea peku hadi kaburini, na watawa wakamchapa viboko. Kesho yake mfalme wa Scotland, aliyekuwa akipigana naye, alikamatwa kaskazini. Watu wa enzi hizo hawakuhitaji kuelezwa mara mbili ni nani aliyeleta ushindi huo.

Tangu hapo mahujaji hawakukatika. Walirudi makwao na vichupa vidogo vya risasi vyenye maji yaliyosemekana kuchanganywa na damu ya mtakatifu. Mwaka 1220, tarehe 7 Julai, mwili wake ulihamishiwa kwenye kaburi jipya la dhahabu na vito, na siku hiyo ikawa sikukuu ya pili. Ile ya kwanza ya Desemba ilikuwa na matope na baridi. Hii ya Julai ilikuwa ya kiangazi, barabara kavu. Naiomba hadhira yangu iishike tarehe hii, 7 Julai, tutairudia.

Jina la mtakatifu liliingia majumbani kwa njia ya ubatizo. Uingereza ya wakati huo mtoto wa kiume alisimamiwa na baba wa ubatizo wawili na mama mmoja, na mara nyingi mmoja wa hao baba ndiye aliyempa mtoto jina lake. Kwa hiyo Thomas mmoja mwenye heshima kijijini angeweza kuacha nyuma yake akina Thomas wengi ambao hakuwazaa. Na kwa kuwa wazazi hawakuwa wakichagua peke yao, ilitokea ndugu wawili walio hai, wa nyumba moja, wakaitwa jina lilelile. Thomas Culpeper, kijana wa chumbani kwa mfalme aliyekatwa kichwa Desemba 1541 kwa sababu ya kukutana usiku na Malkia Catherine Howard, alikuwa na kaka aliyeitwa Thomas Culpeper. Thomas Howard, Duke wa tatu wa Norfolk, mwana wa Thomas Howard, Duke wa pili, alikuwa na mdogo wake wa baba mmoja aliyeitwa Thomas Howard. Mdogo huyo alifia gerezani katika Mnara wa London mwaka 1537 kwa kosa la kuchumbiana na mpwa wa mfalme bila ruhusa. Nyumbani waliwaitaje wasiitike wote? Nadhani kama tunavyofanya sisi kwenye nyumba yenye akina Ali watatu: Ali mkubwa, Ali mdogo, na yule mwingine kwa jina la utani ambalo hapa ukumbini halitajiki.

Sasa njooni mwaka 1535, katika ukumbi wa Westminster, tarehe 1 Julai.

Mshtakiwa ni Thomas More. Alizaliwa mwaka 1478 mtaa wa Milk Street, unaotokea Cheapside, mwendo wa dakika chache kutoka nyumba alikozaliwa Becket. Ni mwanasheria, mwandishi wa kitabu cha Utopia kilichotoka mwaka 1516, Chansela wa zamani. Amekaa gerezani zaidi ya mwaka kwa kukataa kula kiapo kilichofuta mamlaka ya Papa na kuithibitisha ndoa ya mfalme na Anne Boleyn. Nisimpake mafuta kupita kiasi. Akiwa Chansela aliwaandama Waprotestanti, na kuna waliochomwa moto enzi yake, wala hakuonyesha kujuta. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1935, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili akamfanya msimamizi wa wanasiasa. Ninaheshimu uamuzi huo, lakini mwanahistoria halazimiki kufuta ukurasa wa moto.

Tazameni waliokaa mbele yake. Anayeongoza kesi ni Thomas Audley, aliyechukua cheo chake. Kwenye jopo yumo Thomas Howard, Duke wa Norfolk. Yumo Thomas Boleyn, baba mzazi wa malkia ambaye ndoa yake ndiyo chanzo cha kesi. Yumo Thomas Cromwell, aliyekuwa akienda Mnarani kumhoji. Aliyetoa ushahidi uliommaliza aliitwa Richard Rich, na msomaji anashusha pumzi kidogo hapo.

Kabla ya mambo kufika huko, Howard alikuwa amemwonya More kama rafiki: hasira ya mfalme ni mauti. William Roper, mkwe wa More, ameandika jibu alilotoa: kama ni hivyo, basi tofauti kati yetu ni kwamba mimi nitakufa leo na wewe kesho. Nitarudi kwa huyo wa kesho.

More alihukumiwa kifo. Tarehe 5 Julai, akiwa hana kalamu, aliandika kwa kipande cha mkaa barua ya mwisho kwa binti yake Margaret. Ndani yake kuna jambo ambalo mtu asiyejua habari za Becket angelipita bila kuliona. More anasema anatamani kwenda kwa Mungu kesho, kwa sababu kesho ni mkesha wa Mtakatifu Thomas na siku hiyo inamfaa sana. Mkesha wa 7 Julai ni 6 Julai. Alikatwa kichwa asubuhi ya siku hiyo aliyoitamani. Mtu anayejua sheria, mwenye jina la askofu aliyeuawa na mfalme aitwaye Henry, anakufa kwa amri ya mfalme aitwaye Henry kwenye mkesha wa askofu huyo. Hiyo siiiti sadfa, kwa sababu mwenyewe aliiona na akaiandika. Kichwa chake kiliwekwa juu ya mti kwenye daraja la London mpaka Margaret alipokipata. Kipo katika kaburi la ukoo wa Roper, Canterbury, katika kanisa la Mtakatifu Dunstan. Ndilo lile ambamo Henry wa Pili alivulia viatu.

Nimerukia mbele na kumwacha Wolsey. Yeye nitampitia haraka. Mtoto wa muuza nyama wa Ipswich, akapanda hadi kuwa kardinali na mtu wa pili kwa nguvu nchini. Mwaka 1520 mfalme wake alimpeleka Kaisari Charles wa Tano Canterbury, na wote wakapiga magoti kwenye kaburi la Becket. Miaka hiyo hakuna aliyeona ubaya. Wolsey alianguka mwaka 1529 aliposhindwa kumpatia mfalme talaka kutoka Roma, na alifariki Novemba 1530 huko Leicester, akiwa njiani kupelekwa London kama mfungwa. Mtumishi wake George Cavendish ameeleza siku moja baada ya anguko hilo: alimkuta mtu mmoja wa ofisi ya kardinali amesimama dirishani, kitabu cha sala mkononi, machozi yanamtoka, akiogopa kwamba kazi yake imekwisha. Mtu huyo alikuwa Thomas Cromwell.

Na huyu ndiye aliyemkabili mwenye jina ana kwa ana.

Cromwell alikuwa mtoto wa mhunzi wa Putney. Akatoroka ujanani, akaishi Italia na Uholanzi, akarudi anajua lugha, biashara na sheria. (Wale wanaomchanganya na Oliver Cromwell aliyemwondoa mfalme karne iliyofuata: Oliver ni uzao wa dada yake Thomas. Mpwa wa Thomas alilichukua jina la mjomba kwa sababu lilikuwa na manufaa.) Kufikia mwaka 1538 alikuwa anasimamia mambo yote ya Kanisa kwa niaba ya mfalme na kuvunja monasteri moja baada ya nyingine. Septemba mwaka huo watu wake walilibomoa kaburi la Becket, na dhahabu na vito vikapelekwa kwenye hazina ya mfalme. Mifupa ilichomwa au ilifichwa? Watu wanabishana mpaka leo. Novemba likatoka tangazo la kifalme: Becket hakuwa mtakatifu, alikuwa mwasi aliyempinga mfalme wake. Asiitwe tena mtakatifu. Sanamu na picha zake ziondolewe, sikukuu zake zisiadhimishwe, jina lake lifutwe katika vitabu vyote vya ibada. Vitabu vingine vya wakati huo vipo hadi leo, na mtu anaona mahali ambapo kasisi alikwangua wino kwa kisu, na mahali ambapo kasisi mwenye roho nyingine alipitisha mstari mwembamba tu ili maandishi yaendelee kusomeka.

Lakini Septemba hiyohiyo ya 1538 Cromwell alitoa agizo jingine, na hapa ndipo ninapompenda, kama mwalimu anavyoweza kumpenda mtu mkatili. Aliagiza kila parokia ya Uingereza iwe na daftari, na kila wiki kasisi aandike humo ndoa, ubatizo na maziko, na daftari lihifadhiwe katika sanduku lenye kufuli mbili. Wananchi walinung'unika wakidhani ni hila ya kuleta kodi mpya. Haikuwa hivyo, na madaftari hayo ndiyo yaliyotuwezesha kuwajua Waingereza wa kawaida kwa majina. Tunachokikuta humo ni kwamba majina matatu ya wavulana yaliyoongoza ni John, Thomas na William. Mtu aliyeamuru Mtakatifu Thomas afutwe vitabuni ndiye aliyeamuru kitabu ambamo Thomas anaandikwa wiki baada ya wiki.

Mwenyewe hakukaa kuona. Alimwoza mfalme Anne wa Cleves mwanzoni mwa 1540, mfalme hakumpenda bibi harusi, na maadui wakapata nafasi. Tarehe 10 Juni, ndani ya kikao cha baraza, Duke wa Norfolk alimng'oa shingoni nishani ya Mtakatifu George mbele ya wote. Cromwell hakufikishwa hata mahakamani. Bunge lilipitisha sheria ya kumhukumu, njia ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameitumia dhidi ya wengine. Barua yake kwa mfalme inalia ikiomba huruma, huruma, huruma. Alikatwa kichwa tarehe 28 Julai 1540, na siku hiyohiyo mfalme alifunga ndoa na Catherine Howard, mpwa wa Norfolk.

Thomas Cranmer alikalia kiti kilekile cha Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury, tangu 1533. Mwaka 1537, kwenye mkesha wa Mtakatifu Thomas ambao watangulizi wake wote walikuwa wakifunga, yeye alikula nyama mezani kwake, na watu wa Canterbury wakalishika hilo. Mwaka uliofuata alimwandikia Cromwell kwamba ile damu ya mtakatifu anaishuku. Huenda ni rangi nyekundu ya udongo tu, ichunguzwe. Alikuwa mtu mwoga kiasi, mwenye kusitasita, na mwenye kalamu ambayo hao wengine wote hawakuwa nayo. Kitabu cha Sala cha mwaka 1549 ni kazi yake. Waanglikana mlioko humu ukumbini, Kitabu cha Sala mnachokitumia kwa Kiswahili kinashuka kutoka hapo, na wanaoahidiana katika utajiri na umaskini, katika afya na ugonjwa, wanatamka ahadi aliyoipa nafasi kitabuni, ingawa hakuitunga. Alizikuta ahadi hizo katika ibada za zamani.

Chini ya Malkia Mary, Mkatoliki, Cranmer alifungwa, akatia saini hati kadhaa za kukana mafundisho yake ili aokoe maisha, na bado akahukumiwa kuchomwa. Tarehe 21 Machi 1556, Oxford, walimpandisha jukwaani kanisani wakitarajia arudie kukana hadharani. Akazikana hati zenyewe. Akasema mkono uliozitia saini ndio utakaoungua kwanza, na kwenye moto aliutanguliza. Askofu mkuu wa pili wa Canterbury mwenye jina hilo kufa kwa chuki ya wakubwa, huyu akiwa amemdharau yule wa kwanza. Sijui kama wangeelewana wakikutana.

Sasa yule wa kesho. Thomas Howard aliketi kumhukumu More, akaongoza kesi ya mpwa wake Anne Boleyn mwaka 1536 na kutamka hukumu ya kifo, akamng'oa Cromwell nishani, na akajitenga na mpwa wake mwingine Catherine alipoanguka. Januari 1547 zamu ilimfikia. Alihukumiwa kwa uhaini, na akiwa anangoja shoka, mfalme akafariki usiku wa kuamkia tarehe 28. Hukumu haikutekelezwa. Alikaa Mnarani hadi 1553, akaachiwa na Malkia Mary, na mwanzoni mwa 1554, akiwa na miaka 80, akapewa jeshi akazime uasi wa Kent. Kiongozi wa waasi? Thomas Wyatt, mtoto wa mshairi Thomas Wyatt. Huko Rochester askari wa London waliokuwa chini ya Howard walihamia upande wa Wyatt, na mzee akakimbia. Wyatt alikatwa kichwa Aprili. Howard alifariki kitandani Agosti mwaka huo. Kesho ya More ilikuwa imechukua miaka 19. Mjukuu aliyerithi cheo chake, Thomas Howard, alikatwa kichwa mwaka 1572 kwa kula njama na Malkia Mary wa Scotland, na hapo ndipo ninapomfungia mlango ukoo huu, maana ukiuachia hauishi.

Nimalizie na hospitali. Kusini mwa mto Thames, London, kulikuwa na hospitali ya watawa iliyobeba jina la Mtakatifu Thomas Becket tangu karne ya 12. Ilifungwa mwaka 1540 pamoja na nyumba nyingine za dini. Wagonjwa wakazagaa mitaani, wakuu wa jiji wakaiomba serikali, na mwanzoni mwa miaka ya 1550, chini ya mwana wa Henry wa Nane, ikafunguliwa tena. Jina la Becket lilikuwa limepigwa marufuku. Kilichofanyika ni kuikabidhi kwa Mtume Thomas, yule ambaye Becket alizaliwa siku yake, na kibao kikabaki na jina lilelile: Mtakatifu Thomas. Mwaka 1860 Florence Nightingale alianzisha humo shule yake ya wauguzi, na leo iko ukingoni mwa mto, ikitazamana na jengo la Bunge.

Ndugu Mwenyekiti, nakaribisha maswali. Anayeuliza kuhusu Thomas, tafadhali ataje na jina la ukoo.